Rimoti Tatu, Reli Moja: Kutafuta Chanzo Mifumo ya Treni Ndogo Inapogoma Kuelewana

Una mtambo mkuu wa Lenz ulioununua zamani, yaani kile kifaa kinachotuma umeme na amri relini. Ukaongeza Z21, mtambo wa Roco, kwa sababu unataka kuendesha treni kwa simu. Kisha mwenzako akaja Jumamosi na rimoti yake ya Digitrax. Vyote vimeandikwa DCC kwenye boksi, yaani mfumo wa kuendesha treni ndogo kwa amri za kidijitali, plagi zinaingia kwenye soketi bila kulazimishwa, kwa hiyo unategemea vitaelewana. Badala yake umeme wa reli unakatika, au rimoti inawaka taa lakini treni haisogei, au unagusa pointi namba 1 (pale reli zinapogawanyika) na inayogeuka ni ya 5.

Boksi halisemi jambo moja la msingi. DCC ilitokana na kazi ya Bernd Lenz wa Ujerumani, na chama cha NMRA cha Marekani kikaifanya kuwa kiwango miaka ya 1990. Kilichowekewa kiwango ni ishara inayopita kwenye reli: biti ya 1 huchukua mikrosekunde 58 kwa kila nusu yake, biti ya 0 mikrosekunde 100 au zaidi, na biti hizo hupangwa kuwa ujumbe wenye anwani ya kichwa cha treni na amri yake. Ndiyo maana dekoda, kifaa kidogo kinachopokea amri ndani ya kichwa, ikiwa ya kampuni yoyote inautii mtambo wa kampuni nyingine. Lakini kiwango hicho kiliishia kwenye reli. Namna rimoti inavyozungumza na mtambo mkuu, kila kampuni ilijipangia yenyewe: Lenz ina XpressNet, Digitrax ina LocoNet, Märklin inatumia CAN kwenye mtambo wake wa Central Station, na Z21 inaipokea simu kupitia mtandao wa nyumbani. Baadaye NMRA ilipitisha mfumo wa LCC kwa ajili ya mawasiliano ya vifaa vya mezani, ila rimoti nyingi zilizomo mikononi mwa watu haziujui.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: tatizo liko chini ya mtambo mkuu, yaani kati yake na treni, au liko juu yake, kati yake na rimoti? Kulijibu hakuhitaji hata mita ya umeme. Zima kila kitu. Chomoa vyote isipokuwa mtambo mkuu mmoja, rimoti iliyokuja nao, na kipande cha reli chenye kichwa kimoja. Washa na uendeshe. Kosa likiendelea, liko chini: waya, reli, dekoda. Likitoweka, liko juu au kwenye kingine ulichochomoa, na utalipata kwa kurudisha kifaa kimoja kimoja, ukijaribu kila mara kabla ya kuongeza kingine. Wengi huruka hatua hii kwa sababu inachosha kuchomoa nyaya zilizofungwa vizuri chini ya meza. Ifanye tu. Bila hiyo unabahatisha.

"Nikichomeka mfumo wa pili, vyote vinazima"

Reli haziwezi kulishwa na mitambo mikuu miwili. Kila mtambo unageuza chanya na hasi maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mmoja unafuata saa yake. Haipiti hata sekunde kabla chanya ya mmoja haijakutana na hasi ya mwenzake. Hiyo ni shoti. Mtambo wenye ulinzi mzuri utajizima, lakini ulinzi ukichelewa transista za kutolea umeme zitaungua, na kuzibadilisha ni kazi ya fundi.

Mara nyingi hakuna aliyeiunganisha mitambo hiyo kwa makusudi. Imekutana kwa njia ya pembeni. Tafuta waya wa pamoja uliobaki tangu enzi za umeme wa kawaida wa DC, pale reli moja ya meza nzima ilipokuwa ikirudisha umeme kwenye transfoma. Tafuta kiungio cha chuma kilichowekwa mahali palipotakiwa kiungio cha plastiki. Angalia pia pengo la reli lenyewe: meza ya mbao ikitanuka au kusinyaa, pengo hujifunga, na kwa macho huoni kitu. Na usisahau behewa lenye taa au magurudumu ya chuma lililoegeshwa juu ya pengo.

Namna ya kupima: zima mitambo yote, ondoa vichwa na mabehewa yote mezani, weka mita kwenye mlio, kisha gusa reli ya eneo la kwanza na reli ya eneo la pili. Gusa kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia, halafu kwa mkingamo. Isilie hata mara moja. Ikilia, anza kuchomoa nyaya za kulisha reli moja baada ya nyingine mpaka mlio ukatike. Waya wa mwisho uliouchomoa ndio unaokupeleka penye kosa.

Kama si mitambo miwili bali ni busta mbili (vikuza umeme wa reli) chini ya mtambo mmoja, hali ni tofauti. Hapo ishara ni moja na saa ni moja, kwa hiyo treni inaweza kuvuka pengo salama ilimradi nyaya zimekaa upande mmoja. Kwanza hakikisha busta zimeungwa waya wa pamoja kama maelekezo yake yanavyotaka. Washa umeme, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja ya mita upande huu wa pengo na nyingine upande wa pili, juu ya reli ileile. Ukisoma karibu na sifuri, mambo ni sawa. Ukisoma volti za reli au zaidi, mfano 15 kwenda juu wakati kila busta inatoa 15, basi busta moja imegeuzwa: badilishana nyaya zake mbili za kwenda relini. Mita za bei nafuu hazikutengenezwa kwa umeme wa namna hii na namba zake hazitakuwa kamili, ila huwezi kuchanganya sifuri na 15.

Kama umethibitisha kwamba ni mitambo mikuu miwili, usipoteze muda kugeuza nyaya. Hakuna mgeuzo wa waya utakaozilinganisha saa mbili. Una njia tatu. Ya kwanza ni kuutenga kabisa mfumo wa zamani kwenye reli zake, ukikata reli zote mbili, na kuweka kati ya maeneo hayo reli ya kuhamishia yenye swichi ya kubadilisha nyaya zote mbili kwa pamoja, ile yenye nafasi ya kuzima katikati. Ya pili ni kuushusha cheo mtambo wa zamani uwe busta tu. Kwenye DCS100 ya Digitrax, kwa mfano, hilo linafanywa kwa swichi ya chaguo namba 2. Ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipenda, ni kuuacha mtambo wa zamani utoe ishara, lakini isifike relini, isomwe na mtambo mpya. ECoS ya ESU ina mlango uitwao ECoSniffer kwa kazi hiyo, na Z21 nyeusi nayo ina mlango wake wa kusikiliza. Mzee aliyezoea rimoti yake ya miaka 20 anaendelea kuishika, amri zake zinaingia kwenye mtambo mpya, na reli zinalishwa na mmoja. Märklin nao wana kifaa cha kuunganisha mtambo wao wa zamani wa 6021 na Central Station kwa mantiki hiyohiyo.

Ukimaliza, fanya jaribio la sarafu: iweke sarafu juu ya reli mbili, mahali palipo mbali zaidi na busta. Umeme lazima ukatike papo hapo. Usipokatika, nyaya zako ni nyembamba na shoti ya kweli siku moja itachoma kitu. Kwa uti wa nyaya chini ya meza tumia milimita mraba 2.5, waya uleule ambao mafundi wetu wanautandika kwa soketi za ukutani. Ule wa kengele hautoshi.

"Inakwama penye pengo tu, kwingine inakwenda vizuri"

Umepima, busta zote ziko upande mmoja, pengo linasoma sifuri, na bado kichwa kinashtuka kila kinapovuka kutoka busta ya kampuni moja kwenda ya nyingine. Hapa mtuhumiwa wangu wa kwanza ni RailCom.

RailCom inaiwezesha dekoda kujibu. Ili ipate nafasi ya kujibu, busta inanyamaza kidogo baada ya kila ujumbe, chini ya nusu milisekunde, na wakati wa kimya hicho inaziunganisha reli mbili pamoja. Ukiwa na busta inayojua kunyamaza jirani na busta isiyojua, magurudumu yanayovuka pengo yanaiunganisha reli iliyonyamaza na reli ambayo bado ina umeme. Ni shoti fupi mno, lakini inajirudia kila ujumbe. Busta moja inapata joto, kichwa kinarukaruka, na pengine mtambo unazima pale tu treni ndefu inapovuka polepole.

Suluhisho ni la ndiyo au hapana: ama busta zote zinaijua RailCom na imewashwa kote, ama izime kwenye mtambo mkuu. Hakuna katikati. Dalili inayothibitisha: ukiizima RailCom na kukwama kukaisha, umeshapata jibu, na sasa unachagua kati ya kununua busta nyingine au kuishi bila RailCom.

"Rimoti inawaka lakini haiendeshi kitu"

Sasa tuko juu ya mtambo mkuu, na hapa ndipo plagi zinapodanganya. XpressNet na LocoNet zote zinaweza kutumia plagi ndogo ya nyaya sita inayofanana na ya simu ya mezani. Lakini ndani ya plagi hiyo nyaya zina kazi tofauti. Kwenye LocoNet, pini ya 2 na ya 5 ni ardhi, ya 3 na ya 4 ni mawasiliano, na za kandoni, 1 na 6, zinabeba ishara ya reli kwa ajili ya busta. Kwenye XpressNet, pini ya 2 ni hasi, ya 5 ni volti 12 chanya, na mawasiliano yako katikati. Chomeka kebo kutoka soketi ya XpressNet kwenda kifaa cha LocoNet na volti 12 zitaangukia ardhi moja kwa moja. Weka utepe wa rangi kwenye kila soketi na kila kebo leo hii, kabla ya wageni kufika.

Kosa la kebo iliyogeuzwa lina dalili tofauti kwenye mifumo hii miwili, na kulijua kunaokoa saa nyingi. Shika plagi za ncha mbili za kebo bega kwa bega, zote zikielekea upande mmoja na klipu zote chini, uangalie rangi za nyaya. Zikifuatana kwa mpangilio uleule, kebo ni nyoofu. Zikifuatana kinyume, imegeuzwa, kama kebo nyingi za simu zilivyo. Kwenye XpressNet kebo iliyogeuzwa inabadilisha chanya na hasi, kwa hiyo rimoti haiwaki kabisa. Kosa linajitangaza. Kwenye LocoNet ardhi inabaki ardhi na mawasiliano yanabaki mawasiliano, kwa sababu pini zake zimepangwa kwa ulinganifu. Rimoti zote zinafanya kazi, huoni tatizo lolote. Kilichogeuka ni pini za 1 na 6 peke yake. Busta iliyo mwisho wa kebo hiyo inapokea ishara kichwa chini miguu juu, na shoti inatokea penye pengo, mita nyingi kutoka kwenye kebo yenye kosa. Ukiona pengo lililokuwa salama jana linasoma volti nyingi leo na hakuna aliyegusa nyaya za reli, kagua kebo za LocoNet.

Kwa wenye mtambo wa Intellibox wa Uhlenbrock kuna jambo la ziada: ina LocoNet ya aina mbili, B kwa busta na T kwa rimoti. Ile ya T haipeleki ishara ya reli kwenye pini za kandoni. Busta ikichomekwa huko itakaa kimya wakati rimoti jirani yake inafanya kazi bila shida.

Kwenye XpressNet, kama taa zinawaka na kebo ni nzuri, angalia namba ya kifaa. Mtambo mkuu unaziita rimoti moja moja kwa namba, kuanzia 1 hadi 31, na kila moja inajibu ikiitwa. Rimoti mbili zenye namba moja zinajibu kwa pamoja na majibu yao yanavurugana. Dalili yake ni ya kuudhi: kila rimoti ikiwa peke yake ni nzima, zikiwa pamoja zote zinayumba, amri zinachelewa au zinapotea. Hutokea sana watu wanapokutana, kwa sababu kila mmoja anakuja na rimoti yenye namba ile ya kiwandani. Kwenye LocoNet hakuna kuitana kwa namba. Kila kifaa husubiri laini iwe kimya ndipo kizungumze. Ni moja ya sababu za LocoNet kuwafaa watu wanaochomeka na kuchomoa rimoti kila dakika, na chama cha FREMO cha Ulaya, ambacho wanachama wake huleta vipande vya meza kutoka nchi mbalimbali na kuviunga kuwa reli moja, kinaitumia.

"Mfumo mmoja unakiona kichwa hiki, mwingine haukioni"

Hapa waya ni mzima. Tatizo ni namba, na mimi naamini namba zinawapotezea watu muda mwingi kuliko nyaya.

DCC ina anwani fupi na anwani ndefu. Dekoda huweka mipangilio yake kwenye nafasi zenye namba ziitwazo CV: huhifadhi fupi kwenye CV 1, ndefu kwenye CV 17 na 18, na CV 29 ndiyo inayoamua ipi inatumika. Kwa kiwango, anwani fupi inaweza kufika 127. Lakini Lenz inahesabu 1 hadi 99 kuwa fupi na kuanzia 100 kuwa ndefu. Digitrax inahesabu fupi mpaka 127. NCE nayo inaruhusu hata namba ndogo kama 3 iwe anwani ndefu. Sasa chukua kichwa kilichopewa namba 112 kwenye Digitrax. Kimehifadhiwa kama kifupi. Ukikiita 112 kwa Lenz, mtambo unatuma 112 ndefu. Kichwa kinasikia anwani isiyo yake na kinakaa pale pale. Dawa ni kukubaliana tangu mwanzo: vichwa vyote vipewe namba kati ya 3 na 99, au kuanzia 128 kwenda juu, na zile za 100 hadi 127 zisitumike kabisa.

Kuna dalili nyingine ambayo ukiiona mara moja hutaisahau: taa zinatii, honi inalia, lakini kichwa hakisogei. Kumbuka kama kichwa hicho kiliwahi kufungwa na kingine kuvuta treni moja. Mifumo mingi huandika namba ya kundi ndani ya dekoda yenyewe, kwenye CV 19. Tangu hapo dekoda inapokea amri za mwendo kwa namba ya kundi peke yake. Ukikihamishia kichwa hicho kwenye mfumo mwingine, huo haujui chochote kuhusu kundi. Andika 0 kwenye CV 19 na kitatembea. Na mwenye kukopesha kichwa chake kwa mwenzake alivunje kundi kwanza, kwenye mfumo uleule ulioliunda.

Vichwa vya Märklin vinavyojua lugha mbili za amri, Motorola na DCC, vina namna yao ya kusumbua. Ukivisajili kwa njia zote mbili kwenye mtambo unaotuma zote, dekoda inaweza kurukaruka kati ya lugha mbili, na treni inakwenda kwa kushtukashtuka. Zima ile usiyoitumia kwenye dekoda. Usiizime kwenye mtambo tu, maana mgeni wa kesho ataiwasha.

"Taa zinawaka na kuzima kadiri ninavyoongeza mwendo"

Hii ina chanzo kimoja. Rimoti inatuma hatua 14 za mwendo na dekoda inategemea 28, au kinyume chake. Kwenye ujumbe wa hatua 14, biti moja ni ya taa. Kwenye ujumbe wa hatua 28, biti hiyohiyo ni sehemu ya mwendo. Ndiyo maana taa inacheza kila ukisogeza kitufe. Linganisha pande zote mbili ziwe 28 au 128. Vifaa vya zamani vya LGB vya mfumo wa MTS ndivyo vinavyonaswa zaidi, kwa sababu vilijengwa kwa hatua 14. Tena baadhi yake hutuma amri za honi na sauti kwa mfululizo wa mipigo, na dekoda ya kisasa inahesabu mipigo hiyo kama kubonyezwa kwa kitufe kimoja mara kadhaa.

CV 29 ni jumla ya thamani ndogo ndogo, na inafaa kuikariri: 1 inageuza upande wa kwenda, 2 ni hatua 28 au 128, 4 inaruhusu umeme wa kawaida wa DC, 32 ni anwani ndefu. Kwa hiyo 6 ni anwani fupi yenye ruhusa ya DC, na 38 ni anwani ndefu yenye ruhusa hiyo.

Ile 4 ndiyo chanzo cha hofu nyingine: treni inayokimbia yenyewe kwa kasi yote mara inapoingia eneo fulani, au mara umeme unaporudi baada ya shoti. Dekoda haikusikia ishara ya DCC inayoeleweka, ikadhani iko kwenye reli ya DC, ikaachia injini yote. Kwenye meza yenye mfumo mmoja hutokea mara chache. Kwenye meza yenye eneo la DC jirani na eneo la DCC, au yenye mitambo inayowashwa kwa nyakati tofauti, hutokea sana. Toa 4: 6 inakuwa 2, 38 inakuwa 34. Nashauri kila kichwa kinachoingia kwenye meza ya mifumo mchanganyiko kifanyiwe hivyo kabla hakijagusa reli.

"Naita pointi ya 1, inageuka ya 5"

Dekoda za pointi zinahesabiwa kwa makundi ya nne nne. Kampuni nyingine zinaanza na kundi la sifuri, nyingine na kundi la kwanza. Tofauti ni kundi moja, yaani pointi nne kamili, na ndiyo maana kosa halibadiliki: 1 inakuwa 5, 2 inakuwa 6, na kuendelea. Vifaa vya Roco vinajulikana kwa hilo. Usiende kuandika upya namba za dekoda moja moja. Programu ya matengenezo ya Z21 ina chaguo la kufuata hesabu ya kiwango cha RCN-213, na programu nyingi za kompyuta zinakuruhusu kuongeza au kupunguza 4 kwa mfumo mzima. Rekebisha mahali pamoja, kisha bandika karatasi ukutani yenye namba ambayo kila mtu ataitumia.

Pointi ikigeuka ile uliyoiita lakini upande usio wake, hilo ni dogo: badilishana nyaya mbili za mota yake.

"Simu haioni mtambo"

Z21 inatoka kiwandani na anwani 192.168.0.111 na inasikiliza kwenye mlango wa UDP 21105. Ruta ya nyumbani ikiwa inatoa anwani za 192.168.1, simu na mtambo viko kwenye mitaa miwili tofauti na havitaonana, hata vikiwa vimeungwa kwenye ruta moja. Badilisha ama ruta ama mtambo ili sehemu tatu za kwanza zilingane. Angalia pia usiwe umeingia waifai ya wageni, maana ruta nyingi zinavizuia vifaa vya wageni visionane.

Kama simu inaunganika vizuri halafu baada ya muda inapoteza treni, chanzo mara nyingi ni simu yenyewe: inagundua kwamba waifai ya treni haina intaneti na kuhamia data ya laini bila kukuuliza. Zima data kabla ya kuendesha. Wanaotumia JMRI, programu ya kompyuta ya treni ndogo, wahakikishe kinga ya kompyuta inaruhusu mlango 12090, ambao ndio wa WiThrottle, njia yake ya kupokea simu. Wenye DCC-EX, mtambo wa kujijengea, iliyojengwa kwa Arduino Mega, ikitoa waifai yake yenyewe, waitafute kwenye 192.168.4.1 mlango 2560. Na wakumbuke kwamba kila umeme unapokatika na kurudi, inaanza na reli zikiwa zimezimwa mpaka uziamuru ziwake.

JMRI inaweza kushika mifumo miwili kwa wakati mmoja, kila mmoja na herufi yake mbele ya namba, mfano LT1 kwa pointi ya LocoNet na XT1 kwa ya XpressNet. Ukiandika kanuni inayonakili amri kutoka mmoja kwenda mwingine, inakili kwa upande mmoja tu. Kanuni mbili zinazotazamana zitarudishiana amri ileile bila kukoma, na utaona pointi zikigongagonga zenyewe.

"Vichwa vyote vimekuwa na namba moja"

Umeandika anwani ya kichwa kimoja na sasa vinne vinaondoka pamoja. Reli ya kuandikia namba imegusana na reli kuu, na amri ya kuandika, ambayo kwenye reli hiyo haiangalii anwani, imevifikia vyote vilivyokuwa mezani. Kwenye meza ya mifumo miwili chanzo cha kawaida ni waya wa kuandikia wa mtambo wa zamani ulioachwa umeungwa. Uondoe wote, soketi mpaka relini. Kisha weka vichwa kimoja kimoja kwenye reli iliyotengwa kabisa. Ukiwa na orodha ya namba za awali, irudishe CV 1, 17, 18 na 29 kwa kila kimoja. Usipokuwa nayo, andika 8 kwenye CV 8. Kwa dekoda za ESU na Zimo hilo linarudisha mipangilio ya kiwandani na kichwa kinaanza upya na namba 3. Soma CV 29 baada ya hapo, kwa sababu ile 4 ya umeme wa DC itakuwa imerudi.